Kumalizia kamba ya mpini wa kisu: fundo safi lisilofumuka (UZI)

#1 FundiMpini (Kariobangi)

Wadau, habari za jioni. Kuna picha ambayo naletewa kila mara kwenye simu: kisu kimevikwa kamba vizuri kuanzia shingoni, mizunguko imepangana sawasawa, lakini ukifika kitakoni ni vurugu. Fundo limerundikana upande mmoja, ncha mbili zimechomwa kwa kiberiti mpaka zikawa vichwa vyeusi vya plastiki, na vichwa hivyo ndivyo vinavyochoma kiganja. Halafu swali ni lile lile: fundi, nifunge fundo gani mwisho ili lisifumuke?

Nitajibu hapa kwa kirefu tuwe na pahali pamoja pa kuelekezana.

Fundo la mwisho halifai kubeba mzigo. Kamba ishikwe na mkazo wake yenyewe, na ncha yake izikwe chini ya mizunguko. Ukifanya hivyo mpini umekwisha kabla hujafunga fundo lolote. Fundo linakuja juu baadaye, kama pambo na kama kizuizi ili mkono usiteleze. Lakini ukitegemea fundo lishikilie kamba iliyolegea, litafumuka tu, hata ulifunge mara tatu.

Maandalizi kwa ufupi. Visu vyetu vingi vinatoka kwa wafua vyuma wa Kamukunji na Gikomba hapa Nairobi, vimetengenezwa kutokana na supringi za magari. Chuma hicho kinashika makali vizuri sana, na kinashika kutu vilevile. Kamba inanyonya jasho na maji, na chini yake hewa haipiti. Kwa hivyo ule mkia wa chuma unaobeba mpini upige msasa, ufute mafuta kwa spiriti, upake vanishi, na uache ukauke kabisa. Kona zake ziondoe ukali kwa tupa, maana kona kali hukata kamba polepole kila unapoushika mpini. Tundu la kitakoni pia lina ukingo mkali: chukua biti ya drili iliyo kubwa kuliko tundu, izungushe kwa mkono pande zote mbili mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Makali nayo yafunge, kadibodi huku na huku, tepu juu. Utavuta kwa nguvu zako zote, na mkono unaoteleza hauna macho.

Kamba ninayozungumzia ni parakodi ya nailoni, unene wa milimita 4 hivi. Ile ya kweli ina nyuzi 7 hadi 9 ndani ya ganda la kusuka, na hubeba takriban kilo 250. Urefu upige hesabu kabla hujakata. Mpini wa sentimita 10 unameza mizunguko 25. Mkia wenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 4 unakula karibu sentimita 7 kwa kila mzunguko, ukihesabu na unene wa kamba yenyewe. Hiyo ni mita 1 na robo tatu. Ongeza nusu mita ya kushikia, na mita nyingine nzima kama unataka kusuka pete, ambayo nitaieleza mkitaka.

Ncha moja ya kamba ifunge kwenye grili ya dirisha. Ncha ya pili ilaze kwenye ubapa wa mkia, sentimita 3 hivi, ikielekea kitakoni, halafu anza kuzungusha juu yake kutoka shingoni. Hapo mwanzo umeshajizika wenyewe, hakuna fundo. Rudi nyuma mpaka kamba inyooke, jiegemeze na uzito wako, kisha zungusha kisu, si kamba. Unasogea kuelekea dirishani mzunguko kwa mzunguko, na mkazo haubadiliki hata kidogo.

Sasa tufike kitakoni, ndipo penye kazi.

Ikibaki mizunguko 6, simama. Chukua uzi mwembamba wenye nguvu (ule wa nta wanaoshonea viatu pale Kariokor hakuna mfano wake), ukunje katikati upate kitanzi. Kilaze kwenye ubapa: kichwa cha kitanzi kitokeze upande wa kitako, mikia yake miwili ielekee kwenye makali, ipite juu ya mizunguko uliyokwisha kupiga. Endelea kuzungusha kamba juu ya kitanzi hicho, ile mizunguko 6 ya mwisho. Bana mzunguko wa mwisho kwa kidole gumba na ukate kamba ibaki sentimita 6.

Kipande hicho cha sentimita 6 fungua mdomo wake, zile nyuzi za ndani zivute nje moja moja, zikate zote. Linabaki ganda tupu, bapa. Usiruke hatua hii. Kamba nzima ikipita chini ya kamba nzima inaacha kinundu ambacho kiganja kitakihisi kila siku.

Pitisha ganda kwenye kichwa cha kitanzi. Shika mikia ya kitanzi kwa plaisi na uvute kuelekea makali. Mwanzo ni kugumu, kisha utaona ganda linazama chini ya mzunguko wa mwisho, mizunguko inainuka kidogo mmoja baada ya mwingine linapopita, halafu ncha inachomoza kati ya mizunguko, pale ulipoanza kufunika kitanzi. Ivute kwa plaisi mpaka mzunguko wa mwisho ukae pahali pake. Ukiwa bado umeivuta, ikate kwa wembe mpya, wembe ukiwa umelala juu ya kamba. Ukiachilia, ncha inarudi ndani na mizunguko inafunga mlango. Hutachoma chochote, na mtu hataona kamba iliishia wapi.

Karibuni maswali.

---

#2 Msee_wa_Umoja

Shukran fundi, hii nilikuwa naitafuta. Swali moja: kwa nini kitanzi ukilaze kwenye ubapa? Mimi huona wengi wakimalizia mgongoni, upande wa juu.

---

#3 FundiMpini (Kariobangi)

Swali la maana sana hilo. Mkia wa kisu ni chuma bapa. Kamba ukiivuta kuzunguka chuma bapa, inabana kwenye kona nne tu. Pale kwenye ubapa imenyooka kutoka kona hadi kona, haikandamizi chochote. Jaribu kuingiza ncha ya sindano chini ya kamba pale ubapani, itaingia. Jaribu kwenye kona, haitaingia. Kwa hivyo ubapa ndio wenye nafasi ya kupitisha ncha bila kinundu, na zile kona ndizo zinazoishikilia isirudi.

Ndiyo sababu pia mpini wa chuma kitupu hauenei mkononi. Ukitaka ujae, gundisha kipande cha ngozi kila upande kabla ya kamba, kingo zake uzipunguze mpaka umbo liwe la yai. Wajapani waliovika mipini ya panga zao hariri au pamba walikuwa na msingi wa mbao wenye umbo hilo, uliofunikwa ngozi ya samaki aitwaye taa, na waliweka vipande vya karatasi vya pembetatu chini ya kila mkunjo ili kamba isikose pa kuegemea. Kwao pia kamba ilimalizikia kitakoni, kwa mafundo madogo yaliyobanwa kwenye kofia ya mpini. Mkazo ulishika, fundo likafunga hesabu.

---

#4 MkonoMwepesi

Nyongeza: kamba ya aina yoyote iloweke kwanza ndani ya maji. Ikikauka inajikaza yenyewe. Mimi hufanya hivyo hata kwa katani na kamba ya pamba.

---

#5 Dada_wa_Vyondo (Kariokor)

Hapo kwa katani tuelewane, kaka. Mimi kazi yangu ni vyondo na katani naishika tangu asubuhi mpaka jioni. Katani iliyosokotwa ikiloa inavimba, na ikivimba inakuwa fupi. Ikikauka inarudi urefu wake. Ukiivika ikiwa imeloa umeivika ikiwa fupi, na jua likiipiga italegea. Pamba iliyosokotwa ni hivyo hivyo. Hizi mbili vika zikiwa kavu.

Na kwa mpini, katani ina vinyweleo vinavyochoma. Pitisha haraka juu ya moto mdogo wa mshumaa vinyweleo viungue, kisha sugua nta ya nyuki. Bila hivyo kisu kitakaa kwenye droo kwa sababu hakuna atakayependa kukishika.

---

#6 FundiMpini (Kariobangi)

Asante dada, umesema vizuri kuliko ambavyo ningesema.

Nailoni ndiyo ya kulowekwa. Nailoni inanyonya maji na ikiyanyonya inarefuka kidogo, ikikauka inarudi. Ukiivika ikiwa imeloa (nusu saa kwenye beseni inatosha, ikamue) itajibana zaidi ikikauka. Lakini narudia: chuma kiwe na vanishi, la sivyo unafungia maji juu ya chuma kitupu na kutu itakula ndani kwa ndani.

Kabla ya yote, hakikisha ni nailoni kweli. Madukani utauziwa kamba yoyote ya kung'aa kwa jina la nailoni. Kata kipande kidogo, kikamue ndani ya maji kitoe hewa, kiachie kwenye kikombe. Nailoni inazama, na poliesta inazama. Ikielea, ile ni polipropilini, kamba ya kuanikia nguo. Hiyo hainyonyi maji, inateleza, inaharibiwa na jua, na fundo lake linajifungua lenyewe. Isikukalie kwenye mpini.

---

#7 KijanaWaBurma

Wakubwa, mimi niko buchari hapa soko la Burma, Nairobi. Visu vyetu mipini ya mbao imekwisha, tunazungushia mpira wa tyubu. Naona hii kamba ni nzuri zaidi, haitelezi hata mkono ukiwa na mafuta. Naweza kuvika visu vyote?

---

#8 FundiMpini (Kariobangi)

Ndugu yangu, usivike. Nakuambia hivi ingawa napenda kamba kuliko mtu yeyote katika uzi huu.

Damu na mafuta vinaingia katikati ya mizunguko na ndani ya ganda la kamba, na hakuna sabuni itakayovifikia huko. Kwa nje utaona kisu kimeoshwa, ndani kuna nyama ya juzi. Tyubu nayo ina shida hiyo hiyo, chini yake kuna unyevu na uchafu usioonekana. Kisu cha buchari kinataka mpini usio na mahali pa kujificha uchafu, wa plastiki nzima iliyoshikana na chuma, unaovumilia maji ya moto. Kama mpini umekwisha, badilisha mpini au badilisha kisu. Wateja wako wanakula kutoka kwa mkono huo.

Kamba ni ya kisu cha shamba, cha kambi, cha kuchongea, cha kukatia kamba na matawi. Hata cha samaki ningefikiria mara mbili.

---

#9 KijanaWaBurma

Nimekuelewa kabisa. Nitamwonyesha mwenye buchari.

---

#10 MzeeWaNgong

Vijana, salaam. Nimesoma na nimefurahi. Niongeze la zamani kidogo. Angalieni simi ya Kimaasai, yaani upanga mfupi, zile zenye ala ya ngozi nyekundu. Mpini wake ni mbao iliyovikwa ngozi. Ngozi mbichi ikiwa imeloa inanyooka na kukubali umbo lolote, ikikauka inajikunja na kuibana mbao mpaka huwezi kuitoa ila kwa kisu kingine. Hakuna fundo hapo. Mshono unakaa upande mmoja, basi.

Ukanda wa ngozi mbichi pia unavikwa kama kamba. Unalowekwa, unazungushwa, ncha inachomekwa chini ya mizunguko miwili mitatu ya mwisho kwa msaada wa msumari butu, halafu unaachwa kivulini siku kadhaa. Usiuweke juani, utapasuka. Kwa hiyo huyu fundi anaposema fundo halibebi mzigo, mafundi wa zamani walikuwa wanalifanya jambo hilo bila kuliandika.

---

#11 FundiMpini (Kariobangi)

Mzee, shikamoo, na asante. Msumari butu nimeupokea. Kwa wasio na uzi wa kitanzi ni njia nzuri: zungusha mizunguko 3 ya mwisho juu ya msumari, uchomoe, ncha ya kamba iingie kwenye njia iliyobaki, kisha kaza mzunguko mmoja mmoja kuelekea ncha.

---

#12 Msee_wa_Umoja

Fundi ulituahidi ile pete ya kusuka. Nimeiona kwenye visu vya watu, inakaa kitakoni imezunguka mpini, huoni mwanzo wala mwisho. Hiyo ndiyo nataka.

---

#13 FundiMpini (Kariobangi)

Haya. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilieni.

Pete ile ni msuko wa nywele wa mikono mitatu uliofungwa duara, ukasukwa kwa kamba moja tu inayojifuata yenyewe. Mliopitia skauti mnaijua: pete ya ngozi inayobana skafu shingoni ni fundo la ukoo huo huo.

Kuna hesabu ndogo ya kuijua kabla ya kuanza. Pete ina idadi ya mikono, yaani mara ngapi kamba inazunguka mpini, na idadi ya masikio, yaani yale mapindo yanayoonekana kwenye ukingo. Mikono 3 na masikio 4 inawezekana. Mikono 3 na masikio 5, ndiyo inayokaa vizuri kwenye mpini wa kisu. Mikono 3 na masikio 6 haiwezekani kwa kamba moja, hata usuke usiku kucha. Ni kwa sababu 3 inaingia kwenye 6 kamili, na kamba inarudi ilikoanzia kabla haijapita kila njia; utapata pete tatu zilizosukana badala ya moja. Kanuni ni kwamba namba hizo mbili zisiwe na kigawo kimoja zaidi ya 1. Kwa hiyo 3 kwa 7 sawa, 3 kwa 8 sawa, 3 kwa 9 hapana.

Jifunzie kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto kabla ya kwenda kwenye mpini. Laza ncha kiganjani ukiibana kwa kidole gumba. Zungusha kamba nyuma ya vidole, irudi mbele ikate juu ya ile ya kwanza, upate alama ya msalaba. Zungusha tena nyuma, ukirudi mbele pitisha ncha chini ya ule mkono wa kwanza. Geuza vidole. Nyuma utaona mikono miwili inakwenda sambamba. Uvuke mmoja juu ya mwingine kwa kidole, upate dirisha dogo kati yao, na upitishe ncha kwenye dirisha hilo. Geuza kidogo, angalia kama bado kuna mikono sambamba. Ikiwepo, ivukishe tena na upitishe ncha tena. Utafika mahali ncha inakutana na mwanzo wake, zinakaa ubavu kwa ubavu.

Kama umepotea katikati, usikumbuke hatua, angalia kamba. Kila mahali inapokatana na nyingine lazima iende juu, kisha chini, kisha juu, kisha chini. Ukiona juu mara mbili mfululizo, kosa liko hapo hapo. Rudisha ncha mpaka pale na uendelee.

Msuko wa kwanza ukikamilika una umbo tu, bado ni mwembamba. Sasa ifuate ile njia: ncha ikimbie kando ya mwanzo wake, upande ule ule wa kulia au wa kushoto muda wote, juu inapokwenda juu, chini inapokwenda chini, duru nzima. Ukirudia mara ya tatu inajaa. Kwenye mpini tuliousema, duru moja inakula sentimita 30 hivi, na ndiyo maana nilisema uongeze mita.

Kwa pete tumia ganda tupu lisilo na nyuzi za ndani, au uzi wa nta wa viatu. Kamba nzima inatoa pete nene mno kwa kisu cha kawaida. Na isukie moja kwa moja juu ya pale ulipozika ncha, au kwenye ukingo wa mwisho wa kitako. Ukingo wa pete ndio unaozuia kidole kidogo kisiteleze.

---

#14 SkautiMzee

Kweli kabisa, pete ya skafu. Nilijifunza kambini Rowallan nikiwa mdogo na vidole bado vinakumbuka. Asante kwa kunirudisha.

---

#15 Dada_wa_Vyondo (Kariokor)

Fundi hajasema kuhusu kukaza, na hapo ndipo pete nyingi huharibikia. Watu wakimaliza kusuka wanashika ncha na kuivuta kwa nguvu. Pete inapinda upande mmoja, upande mwingine umelegea, basi wanaitupa.

Kazeni kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Anzeni pale kamba ilipoanzia. Inueni mkono wa kwanza kidogo, ulegevu usogee mbele. Mkono unaofuata, hivyo hivyo, mpaka mzunguke na kufika kwenye ncha. Duru ya kwanza msikaze sana, ni kuondoa ule ulegevu mkubwa tu. Duru ya pili ikae. Duru ya tatu iume. Mkiwa na haraka siku hiyo, wekeni kazi chini mrudi kesho.

Ncha zote mbili zipitisheni chini ya pete kwa shazia, zitokee ukingo wa upande wa kitako, mzikate hapo hapo. Zitarudi ndani zenyewe.

---

#16 GundiKali

Mnajisumbua bure. Tone la supa glu kwenye fundo, dakika moja, maisha yanaendelea. Mimi nimefunga vya kutosha na havijafumuka.

---

#17 FundiMpini (Kariobangi)

Sikatai kwamba itashika, kaka. Lakini angalia kinachotokea. Supa glu ni nyepesi, inafyonzwa na kamba na kusambaa zaidi ya pale ulipodondosha. Ikikauka kamba inakuwa ngumu mahali hapo na laini kwingine, na inakatikia pale ngumu inapokutana na laini. Pia inaacha ukoko mweupe na kingo kali zinazokwaruza kiganja.

Zaidi ya hayo, kamba ya mpini ni kitu cha kubadilishwa. Inachakaa, inanuka jasho, inaoza. Siku ikifika unataka kuikata kwa wembe, kuifungua, kukagua kutu, kupaka vanishi na kuvika mpya. Ukiwa umeigandisha utapasua mpini mzima.

Tone dogo kwa ncha ya sindano chini ya pete, pale ncha zinapojificha, hilo sina neno nalo. Na kama ni kisu cha mvuvi kitakachokuwa majini kila siku, unaweza kuvika kamba na kuipaka gundi ya kuchanganya mbili juu yake yote, iwe kama mpini wa plastiki. Huo ni uamuzi mwingine, na ujue utaupoteza ule mshiko wa kamba.

---

#18 GundiKali

Hiyo ya kukagua kutu sikuwa nimeifikiria. Sawa.

---

#19 MkonoMwepesi

Mimi navika kwa mtindo wa kukatana: katikati ya kamba shingoni, kisha nusu fundo mbele, nusu fundo nyuma, kushuka mpaka chini. Hapo ncha ni mbili, hakuna cha kuzika. Namaliziaje?

---

#20 FundiMpini (Kariobangi)

Mtindo mzuri, na faida yake ni kwamba kamba ikikatika mahali pamoja mizunguko mingine inabaki, maana kila nusu fundo linajibana lenyewe. Weka nusu fundo kwenye mgongo na kwenye tumbo la mpini, si ubapani, kwa sababu ile niliyomweleza mwenzetu wa Umoja.

Ukifika kitakoni funga fundo la skauti: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia kulia juu ya kushoto mara mbili utapata fundo lililopinda, ncha zake zinakaa msalaba, na hilo linateleza. Fundo sahihi lina ncha zinazolala sambamba na kamba zake, na linakaa bapa kabisa. Kisha ncha moja ipite tunduni kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, zivute zote mbili. Hapo una njia mbili: zifunge pamoja upande wa nje ziwe kitanzi cha kutundikia, au zirudishe chini ya mizunguko miwili kwa shazia na uzikate.

Ukilazimika kuchoma ncha za nailoni, ikate kwanza fupi, isogezee moto mpaka iyeyuke tu bila kushika moto, kisha ibonyeze kwa mgongo wa kijiko kilicholowekwa maji. Itakuwa bapa na laini. Msibonyeze kwa kidole. Nailoni iliyoyeyuka inaganda juu ya ngozi na inaendelea kuchoma.

---

#21 Msee_wa_Umoja

Fundi, nimezika ncha kama ulivyosema na imekaa, haionekani kabisa. Pete bado najifunzia vidoleni. Tatizo nililobaki nalo: kisu cha pili hakina tundu, na mkia wake unapungua kuelekea kitakoni. Mizunguko ya mwisho inateleza na kutoka.

---

#22 FundiMpini (Kariobangi)

Hongera, hiyo ya ncha ndiyo ilikuwa ngumu.

Kwa mkia unaopungua, kamba itateremka tu, hata uikaze vipi. Usijaribu kutoboa kama chuma kimeshatiwa ugumu kwa moto, utamaliza biti zote. Chonga mapengo mawili madogo, moja mgongoni na moja tumboni, milimita 10 kutoka kitakoni, kina cha milimita 1 na nusu. Tumia tupa ya duara. Tupa ya pembetatu inaacha kona kali ndani ya pengo, na chuma kigumu huanza kupasukia kwenye kona kama hiyo. Paka vanishi ndani ya mapengo.

Halafu mzunguko wa tatu kutoka mwisho ukae kwenye mapengo hayo. Miwili inayofuata inakaa baada yake, ncha inazikwa chini ya yote kwa kitanzi, na pete ukishaimudu uisukie juu ya mapengo yenyewe. Kama mkia umepungua sana, anza na ukanda wa ngozi kitakoni, ugundishwe, mpaka unene ulingane na shingoni. Tuma picha kabla hujaanza kuvika, tuangalie umbo.